Mstari wa Saba

Chini ya vitenge vya dada yangu, ndani ya bahasha ya kaki iliyochakaa pembe, kuna picha nne za matiti yake. Mbili zimepigwa kutokea juu, mbili kwa mshazari kutokea ubavuni. Ukizielekeza dirishani unaona weupe mtupu, titi zima jeupe kama bakuli la tui la kwanza, na kwenye titi la kushoto, juu karibu na kwapa, kuna nukta moja nyeupe kuliko vyote, mviringo kamili kama kichwa cha pini. Nukta hiyo haina uhusiano na ugonjwa. Ni kigololi cha chuma ambacho mpiga picha alikibandika kwenye ngozi kwa plasta, pale pale dada alipomwonyesha kwa kidole na kumwambia, "Hapa, mdogo wangu, ndipo ninapokisikia."

Pamoja na picha kuna karatasi moja ya majibu, kwa Kiingereza, mistari saba. Mstari wa tatu unasema hakuna uvimbe ulioonekana. Wa nne, hakuna chembe za chokaa za kutilia shaka. Wa sita unataja kundi la 1, maana yake picha haina kasoro. Daktari aliyemtuma kupiga picha alisoma mpaka hapo, akamwambia, "Hongera mama, uko salama, njoo tena mwakani." Dada alinipigia simu akiwa bado kituo cha daladala, sauti inakatika kwa kulia, kilio cha furaha. Mama yetu, aliye Muheza, alisoma dua usiku ule na kesho yake akachinja jogoo.

Mstari wa saba hakuna aliyetusomea. Tuliusoma wenyewe miezi saba baadaye, tumekaa kitandani kwake, kamusi magotini. Unasema kwamba tishu za matiti haya ni nzito na zinaweza kuficha uvimbe, na kwa kuwa mgonjwa anashika kitu kwa mkono, inashauriwa apigwe ultrasaundi eneo hilo.

Wakati huo kitu chenyewe kilikuwa kimetoka ukubwa wa njugu mawe na kufikia ukubwa wa ndimu changa.

Tangu hapo nimeulizwa na wanawake wengi, wa ukoo wetu, wa kazini, wazazi wenzangu wa madrasa: hii picha ya matiti inaaminika au haiaminiki? Ni swali la haki, na mtu akikujibu kwa neno moja, iwe ndiyo au hapana, atakuumiza. Mimi si daktari. Nimesoma kwa sababu nilikuwa na hasira, kisha nikasoma kwa sababu nilikuwa na hofu, maana miaka miwili baada ya dada, mimi pia nilishika kitu kwenye titi langu. Nilichokipata kwenye kusoma huko ni hiki: picha safi haina mamlaka ya kufuta kitu ambacho mkono unakishika. Inapunguza shaka kwa kiasi fulani, kiasi hicho kimepimwa, na mwenye titi ana haki ya kukijua.

Nianze na ule weupe.

Picha hii ya matiti huitwa mamogramu, nayo ni eksirei. Miale inapita kwenye titi na kugonga upande wa pili. Mafuta huipitisha kwa urahisi, kwa hiyo kwenye picha mafuta hutoka meusi au ya kijivu. Tezi za maziwa na nyuzi zinazozishikilia huizuia, kwa hiyo hutoka nyeupe. Na saratani nayo huizuia, hutoka nyeupe vilevile. Kwa mwanamke ambaye matiti yake yamejaa mafuta, uvimbe mweupe unaonekana kama mwezi usiku. Kwa mwanamke mwenye tezi nyingi, msomaji wa picha anatafuta kipande cha nazi ndani ya tui.

Wataalamu wamegawa uzito huo wa tishu katika ngazi nne, A mpaka D. A ni mafuta karibu matupu. D ni weupe karibu mtupu. Huko Marekani, ambako wamehesabu sana, karibu nusu ya wanawake waliovuka miaka 40 wako C au D. Huwezi kuijua ngazi yako kwa kulishika titi. Halina ukubwa maalumu, wala ugumu maalumu. Matiti madogo yanaweza kuwa ya mafuta na makubwa yakawa mazito. Picha yenyewe ndiyo inayosema, na ndiyo maana ripoti nzuri hulitaja jambo hilo. Kwa kawaida umri mdogo huja na uzito zaidi, na kunyonyesha huongeza. Jamii zetu ni za vijana. Wanawake wengi wanaofika hospitali hapa kwetu na uvimbe bado wako katika umri wa kuzaa au ndio wanautoka, yaani umri ambao picha hii huona kwa tabu zaidi. Dada alikuwa na miaka 43, na alikuwa ameachisha mtoto wa mwisho miaka miwili tu nyuma. Ripoti yake inasema D.

Sasa tarakimu. Mwaka 2017 ulichapishwa Marekani uchambuzi wa mamogramu zaidi ya milioni 1.6 za wanawake waliokwenda kupimwa bila dalili yoyote. Kati ya kila saratani 100 zilizokuwepo, picha iliziona karibu 87. Zile 13 zilipita. Na kati ya kila wanawake 1,000 waliopigwa picha, kama 116 waliitwa tena kwa vipimo zaidi, lakini waliokutwa na saratani walikuwa kama 5. Soma tena sentensi hiyo ikiwa wewe ni mmoja wa wanaoitwa tena na huwezi kulala: wengi mno wa wanaoitwa hurudi nyumbani bila ugonjwa.

Hiyo 87 ni wastani wa wote, wa A na wa D kwa pamoja. Kwenye matiti mazito inashuka. Wajapani walilipima hili kwa utulivu mkubwa. Walichukua karibu wanawake 73,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 49, nusu wakapigwa mamogramu peke yake, nusu mamogramu na ultrasaundi. Matokeo yalitoka 2016: mamogramu peke yake iliona saratani 77 katika kila 100, ilipoongezwa ultrasaundi, 91. Umri wa dada yangu kabisa. Niliposoma hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje, nikakaa barazani mpaka adhana ya magharibi.

Lazima niseme kitu hapa kwa sababu watu hukichanganya, na mimi pia nilikichanganya. Tarakimu hizo ni za wanawake wasio na dalili. Mwanamke anayekwenda kwenye mahema ya Oktoba, mwezi wa utepe wa waridi, akapimwa bila kuhisi chochote, huyo anachunguzwa tu. Mwanamke anayeshika uvimbe yuko kwenye foleni nyingine. Swali lake halisemi "je, kuna kitu?" Kitu kipo, anakishika. Swali ni "kitu hiki ni nini?" Na jibu la swali hilo haliwezi kuwa "sioni kitu." Kwa mwanamke wa foleni hiyo, utaratibu unaokubalika ni kwamba akiwa chini ya miaka 30 huanziwa na ultrasaundi, akiwa na 40 au zaidi hupigwa mamogramu, kisha ultrasaundi juu ya pale pale anaposhika. Kigololi cha chuma kilichobandikwa kwa dada kilikuwa alama ya foleni hiyo. Mpiga picha alijua. Msomaji wa picha alijua, akaandika mstari wa saba. Kamba ilikatikia kwenye meza ya tatu.

Hospitali hiyo sitaitaja, wala yule daktari. Siku ile nje ya chumba chake kulikuwa na watu waliojaa mabenchi mpaka kwenye ngazi, na najua alikuwa peke yake. Lakini nataka yeyote anayesoma karatasi za namna ile, akiwa na koti jeupe au akiwa amevaa kanga, asome mpaka chini.

Zipo saratani ambazo mamogramu huzikosa kwa tabia zake zenyewe, hata tishu zikiwa nyepesi. Kuna aina inayoanzia kwenye vifuko vya maziwa, ambayo seli zake hutembea kwa mstari mmoja mmoja kama siafu, zinapenya kati ya nyuzi bila kujikusanya kuwa donge. Picha haina cha kuonyesha mpaka njia imekwenda mbali. Nyingine, ile ambayo haina vipokezi vitatu ambavyo dawa nyingi huvilenga, inaweza kutoka mviringo, kingo laini, mpole kama uvimbe usio na madhara. Hii ya pili huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika na wenye umri mdogo. Dada alikuwa na hiyo.

Na upande wa pili kuna mambo ambayo mamogramu huyaona kuliko kipimo kingine chochote cha kawaida: zile chembe ndogo za chokaa, ndogo kuliko punje ya chumvi, zinazojikusanya kwenye mifereji ya maziwa wakati saratani haijatoka nje ya mfereji. Mkono hauwezi kuzishika, na ultrasaundi mara nyingi haizioni. Daktari mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga eksirei karibu matiti 3,000 yaliyokwisha kukatwa, akalinganisha picha na ugonjwa aliouona kwa macho, akachapisha mwaka 1913. Kwenye picha zake nukta hizo zilikuwemo tayari. Ilichukua miongo mpaka daktari wa Uruguay, Raúl Leborgne, alipoonyesha umuhimu wake, na ndiye pia aliyesisitiza kwamba titi libanwe likae bapa ili picha itoke safi. Kwa hiyo yule anayekubana leo ana sababu. Titi lililobanwa halitikisiki, tishu zake zinatandazika ili kimoja kisijifiche nyuma ya kingine, na miale inayohitajika ni kidogo zaidi. Inauma, ndiyo. Ni sekunde chache kila picha. Mimi nilihesabu mpaka tisa.

Asubuhi ya picha yangu, nesi mmoja mtu mzima alinipa kitambaa chenye maji akaniambia, "Jifute poda, mwanangu, na ya kwapani pia." Nilikuwa nimejipaka kama ninavyojipaka kila siku, joto la Dar es Salaam mnalijua. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia madini yaliyomo kwenye poda na kwenye dawa za kuzuia jasho hutokea kwenye picha kama zile chembe za chokaa, na kuna wanawake wameitwa tena na kukosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya poda. Nilijifuta mara mbili. Kisha akaniangalia shingoni akanionyesha ndoano ya kuvulia mkufu. Niliona mwanamke aliyenitangulia akifungua hirizi yake, akiikunja ndani ya leso na kumkabidhi binti yake aishike.

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa kinafuata, siku hiyo hiyo, mlango wa pili. Nilikuwa nimeuliza kabla ya kulipa, kama vipimo vyote viwili vinapatikana hapo, na nimekataa hospitali mbili zilizosema vitakuwa siku tofauti.

Ultrasaundi haitumii miale, hutumia sauti. Daktari alinipaka ule ute wa baridi, akaweka kidude, na kabla ya kuangalia kioo alifumba macho kidogo akatafuta kwa vidole vyake. Alipokipata alichora alama kwa kalamu kwenye ngozi. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akageuza kioo upande wangu akanifundisha kusoma, na nitamshukuru maisha. Maji hutoka meusi kabisa, na nyuma yake panang'aa, kwa sababu sauti imepita bila kuzuiwa. Huo ni mfuko wa maji, na ukitimiza masharti yote hauhitaji hata sindano. Uvimbe mgumu usio na madhara mara nyingi ni wa umbo la yai, umelala, unafuata mlalo wa tishu, kingo laini. Saratani mara nyingi husimama, kimo chake kuzidi upana, kana kwamba haijali tishu zimelala vipi. Kingo zake ni za miiba, na nyuma yake huacha kivuli.

Alama hizo zilipangwa kwa makini kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa mwaka 1995 uliochunguza vivimbe vigumu 750, ambapo 125 vilikuja kuwa saratani. Kwa kuzifuata, ultrasaundi iligundua zaidi ya 98 katika kila saratani 100, na pale iliposema uvimbe hauna madhara, ilikuwa sahihi zaidi ya mara 99 katika 100. Hizo ni tarakimu za mikono iliyobobea na mashine nzuri. Kipimo hiki kinamtegemea anayekishika kuliko kingine chochote. Kidude kikipita haraka, au mtu akaangalia mahali pa jirani, picha itatoka safi na itakuwa picha safi ya mahali pasipo na uvimbe.

Pia hupiga kelele mara nyingi bila sababu. Kwenye utafiti mwingine uliochapishwa 2008, wanawake zaidi ya 2,600 wenye hatari kubwa na tishu nzito walipigwa vyote viwili. Mamogramu peke yake ilipata saratani 7.6 kwa kila wanawake 1,000. Pamoja na ultrasaundi zikawa 11.8. Faida ya wazi. Lakini kati ya wanawake waliochomwa sindano kwa sababu ya ultrasaundi peke yake, waliokuwa na saratani kweli ni kama 9 katika 100. Waliobaki, 91, walipata kovu dogo na siku kadhaa za kukosa hamu ya chakula. Mtu anaweza kusema huo ni usumbufu. Mimi niliingia kwenye hao 91 na ninauchagua usumbufu huo kila mara.

Maana ripoti yangu ilikuja na 4A.

Makundi haya yalitungwa na chuo cha wataalamu wa radiolojia wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili daktari wa mji mmoja aelewe maneno ya daktari wa mji mwingine, na leo yanatumika karibu kila mahali, hapa kwetu pia. 0 maana yake kazi haijaisha, vinahitajika vipimo zaidi. 1 ni safi. 2 kuna kitu lakini kinajulikana hakina madhara. 3 kinaonekana hakina madhara, uwezekano wa saratani hauzidi 2 katika 100, hufuatiliwa kwa picha baada ya miezi sita. 4 ni shaka, na ni kundi pana mno, toka 2 mpaka 95 katika 100, ndiyo maana limekatwa vipande: A ni 2 mpaka 10, B ni 10 mpaka 50, C ni 50 mpaka 95. 5 ni 95 na kuendelea. 6 ni saratani iliyokwisha thibitishwa. Nimeyaandika yote kwa sababu nilipoiona 4 kwenye karatasi niliona "hatua ya nne," kama ile hatua ya nne ya saratani, nikakaa sakafuni. Mume wangu alinikuta hapo. Kundi la picha na hatua ya ugonjwa ni vitu viwili visivyohusiana hata kidogo, na sijui ni wanawake wangapi wamekaa sakafuni kwa kukosa mtu wa kuwaambia.

Herufi A ile ndogo ilikuwa inaniambia kwamba katika wanawake 100 kama mimi, 90 au zaidi hawana saratani. Nilimuuliza daktari kama basi tunaweza kusubiri. Akaniambia, "Dada yako ana nini?" Nikanyamaza. Akasema, "Picha imefika mwisho wa uwezo wake. Sasa tuulize nyama yenyewe."

Kutoa kinyama kuna mlio. Hakuna aliyeniambia. Wanakuganzisha kwa sindano nyembamba, wanapasua ngozi kidogo kama punje ya mchele, wanaingiza sindano nene huku wakiiangalia kwenye kioo cha ultrasaundi, halafu inafyatuka, tak, kama mashine ya kubania karatasi. Nesi alinishika mkono akawa anahesabu nami. Mara nne. Vinyama vikatoka vyembamba, vyeupe, kama vipande vya tambi, vikatiwa kwenye kichupa chenye dawa, jina langu likaandikwa mbele ya macho yangu, nikaombwa nilisome kwa sauti. Siku tisa baadaye majibu yakatoka: fibroadenoma, uvimbe usio na madhara. Tena daktari hakuishia kwenye neno hilo. Aliweka picha na majibu ya maabara pamoja mezani, akahakikisha yanakubaliana, maana kama picha ingekuwa inatisha na kinyama kikasema shwari, ingebidi sindano irudiwe. Huenda ilichoma pembeni.

Hayo matatu, mkono wa daktari, picha, na kinyama, yakikubaliana yote kwamba hakuna saratani, usahihi wake hupita 99 katika 100. Na kwa mwanamke mwenye uvimbe wa kushikika, mamogramu na ultrasaundi zikitoka safi zote mbili, tafiti mbalimbali zinaonyesha maneno hayo ni ya kweli kati ya mara 97 na 100 katika 100. Ni faraja kubwa. Bado, kama mkono unashika kitu kigumu kisichosogea, au ngozi imeingia ndani, au chuchu inatoa damu, madaktari waliobobea hawakubali picha iwazuie kuchukua sindano. Dada hakufikishwa kwenye faraja hiyo wala kwenye sindano. Alipewa thuluthi ya uchunguzi akaambiwa ndio mzima.

Alipofika hatimaye kwenye kinyama, zilikuwa zimepita siku 226 tangu asubuhi ile alipokuwa anaoga na kidole kikakwama. Nilizihesabu kwenye kalenda ya msikiti iliyoko jikoni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wake wa saratani ya matiti, na moja ya malengo yake ni mwanamke apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika mara ya kwanza kwenye huduma. Ripoti ya tathmini iliyofanywa Tanzania na kutolewa 2017 ilisema karibu wanawake 80 katika kila 100 wanaogundulika na saratani ya matiti nchini huwa wamefikia hatua ya tatu au ya nne. Tunapozitaja tarakimu hizo huwa tunasema wanawake wanachelewa. Wanakwenda kwa mganga, wanasema ni maziwa yameganda, wanaona aibu. Ni kweli yapo hayo; shangazi yetu alifariki na kopo la majani ya kubandika chini ya kitanda. Lakini dada yangu alikwenda hospitali wiki ile ile. Alipanda daladala mbili, akalipa, akavua nguo mbele ya watu asiowajua, akaonyesha kwa kidole. Hizo siku 226 hazikuwa zake.

Watu huniambia mashine za mamogramu ni chache na ziko mijini, tutafanya nini. Ni kweli ni chache. Ila mashine za ultrasaundi zimeenea, hata hospitali nyingi za wilaya zinazo kwa ajili ya wajawazito, na kwa mwanamke kijana mwenye uvimbe wa kushikika ndizo zinazofaa zaidi. Rwanda walilifanyia kazi hilo. Kwenye hospitali ya Butaro, kaskazini, milimani, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa 2012, waliwafundisha madaktari wa kawaida na manesi kupiga ultrasaundi ya matiti, kutofautisha mfuko wa maji na uvimbe mgumu, na kujua nani achomwe sindano. Nesi anayemjua mgonjwa kwa jina, mkono wake umefundishwa, mashine ipo hapo hapo. Ningependa kuona hilo Muheza, Handeni, Kilwa, Kwale. Najua kuna wanaopigania kompyuta zisome picha, na Sweden wamefanya utafiti wa wanawake zaidi ya 80,000 ambapo kompyuta ikimsaidia daktari saratani nyingi zaidi zilionekana na kazi ya kusoma ikapungua kwa asilimia 44. Nafurahi. Lakini kompyuta ingemwandikia dada mstari wa saba ule ule.

Alipata matibabu Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, dripu kwanza, kisha upasuaji, kisha mionzi, akitazama bahari kupitia dirisha la wodi. Hatua ya pili, walisema, inayokaribia ya tatu. Nywele zimerudi, laini kuliko zamani, na ameanza tena kupika maandazi ya kuuza. Bahasha hataki itupwe. Nimeshamwomba mara mbili.

Mwezi uliopita mke wa mdogo wetu alikuja Jumamosi na bahasha yake. Ana miaka 38. Alikuwa anatabasamu, ameshaambiwa mambo ni mazuri, alikuja kutupa habari tu, na amebeba tende. Dada alinawa unga mikononi, akavaa miwani. Picha hakuzigusa. Aliitoa karatasi, akaigeuza, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho kabisa na kuanza kusoma kutokea huko kwenda juu, kwa sauti, Kiingereza chake cha kuunga unga, neno moja moja.

Kisha akavua miwani. "Wifi, ultrasaundi wamekupiga?"

"Bado. Wamesema si lazima."

Dada aliangalia saa ya ukutani. Saa nne kasoro robo, na kliniki siku ya Jumamosi hufunga saa sita. Alizima jiko, akafunika kinyunya kwa sinia.

"Vaa viatu," akamwambia.